Sura ya Sita: Siku Kumi na Nne za Mei

Matokeo yalikuwa 87 kwa 46. Nayaweka hapa mwanzoni kwa sababu ukimuuliza shabiki wa Patriots, timu ya kikapu ya Kigali, habari za Mei 2021, ataanzia kwingine. Atakusimulia jinsi msanii wa rap J. Cole alivyoingia uwanjani, au jinsi Wamsumbiji walivyotolewa kwa tofauti ya pointi mbili. Nusu fainali ataipita upesi, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyogombana na wenyewe. Mimi nataka tusimame hapo mlangoni. Kufungwa kwa pointi 41 nyumbani kwako, katika mashindano ya kwanza ya aina yake barani, si jambo la kusema bahati haikuwa yetu. Bahati mbaya hukunyang'anya pointi tatu, nne, labda kumi. Pointi 41 zina mizizi, na mizizi hiyo inaanza mbali sana na Kigali.

Lakini kwanza ukumbi. Upo Remera, bega kwa bega na Uwanja wa Amahoro. Amahoro ni amani kwa Kinyarwanda, na mtu mzima wa Kigali halitaji jina hilo kama anavyotaja majina mengine: mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo kuokoa roho zao, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Kando yake kuna Petit Stade, ukumbi mdogo ambamo mpira wa kikapu na wa wavu ulilelewa kwa miaka mingi. Hapo jirani kampuni ya Kituruki ya Summa ikajenga, kwa takriban miezi sita tu, ukumbi wa watu 10,000. Rais Paul Kagame aliuzindua tarehe 9 Agosti 2019, na mechi ya uzinduzi ikawa ya Patriots na REG, timu ya shirika la umeme. Siku hizi unaitwa BK Arena, baada ya Benki ya Kigali kununua haki ya jina mwaka 2022. Wakati wa habari hii ulikuwa bado Kigali Arena.

Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilitangazwa Februari 2019 katika mji wa Charlotte, Marekani, na NBA pamoja na shirikisho la kikapu la dunia, FIBA. Ilikuwa ianze Dakar tarehe 13 Machi 2020. Kila mtu anakumbuka Machi ile ilivyokuwa. Mlango wa dunia ulifungwa kwa ugonjwa wa corona, na timu zilizokwisha kufuzu zikabaki na tiketi mkononi kwa zaidi ya mwaka. Ulipofunguliwa, waandaaji waliyaleta mashindano yote mahali pamoja: timu 12 za nchi 12, mechi 26, ukumbi mmoja, kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021. Kigali ilikuwa bado na amri ya kutotoka usiku, na viti vingi vya ukumbi ule mpya viliachwa wazi. Wanyarwanda walipata wageni wa bara zima nyumbani kwao, na wengi wakawaona kwenye televisheni.

Kocha wa Patriots alikuwa Alan Major. Nikieleza alikotoka ndipo habari ya pointi 41 itakapoanza kueleweka.

Major ni mtoto wa vyuo vya Marekani. Alikuwa msaidizi wa kocha Thad Matta katika Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha kuanzia 2010 hadi 2015 akawa kocha mkuu wa chuo cha Charlotte, mji ule ule ambako BAL ilikuja kutangazwa. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia "timu ya chuo" anaweza kufikiria vijana wa mwaka wa pili wanaocheza Jumamosi baada ya kufua nguo. Marekani hali ni nyingine kabisa. Ohio State ina uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka, wenye viti zaidi ya 100,000, na Jumamosi za Septemba hadi Novemba viti hivyo hujaa watu waliokuja kutazama wanafunzi. Timu ya futiboli ya chuo hucheza kama mechi kumi na mbili kwa miezi mitatu, na kati ya mechi na mechi kuna wiki nzima. Wiki hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jumapili wachezaji hutazama mkanda wa mechi ya jana, Jumatatu husahihisha, Jumanne huanza kumsoma mpinzani anayefuata. Futiboli ndiyo inayoleta fedha, kikapu kinafuata, na michezo yote miwili ni ngazi ya kwenda juu: shule ya sekondari, chuo, kisha ligi ya kulipwa. Kijana wa kipaji wa Texas au Ohio anapanda ngazi iliyojengwa kabla babu yake hajazaliwa. Hadi tarehe 1 Julai 2021, mwezi mmoja baada ya mashindano ya Kigali, wanafunzi hao hawakuruhusiwa hata kujipatia senti kwa jina na sura zao, ingawa chuo kilikuwa kikivuna mamilioni. Udhalimu huo ni wa kitabu kingine. Ninachotaka hapa ni ngazi.

Nasi ngazi hiyo tumewahi kuiona kwa macho, kwa siku moja. Tarehe 21 Mei 2011, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines, Iowa, ilicheza na vijana wa vyuo vya Mexico na kushinda 17 kwa 7. Vijana wa Drake wakafanya kazi za kujitolea, wakapanda Mlima Kilimanjaro, wakarudi kwao, na mwaka huo huo msimu wao ukawa mzuri. Sidhani kama kuna mtoto wa Arusha aliyebaki akicheza futiboli ya Kimarekani kwa sababu ya siku ile, na siwalaumu watu wa Drake hata kidogo. Walileta mchezo. Ngazi haiingii kwenye mizigo ya ndege.

Kilichotokea Kigali miaka kumi baadaye ni tofauti, na ndiyo maana kinanigusa. Hapa hawakuja wageni kucheza na wageni wenzao mbele yetu. Hapa timu ya mji huu ilitakiwa kusimama uwanjani.

Rwanda vyuo vina timu. IPRC-Kigali, chuo cha ufundi, imecheza ligi ya taifa ya kikapu, na Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kimetoa timu. Lakini hazichezi ligi yao. Zinapangwa na APR ya jeshi, na REG ya umeme, na Patriots, klabu iliyoanzishwa 2014 na ikawa bingwa wa nchi mara kadhaa kabla hata ya kufikisha miaka kumi. Mwanafunzi anayetoka darasa la hesabu saa tisa mchana anakutana saa kumi na mbili jioni na mtu mzima anayelipwa kucheza. Akiwa hodari, hao wanaomfunga leo ndio watakaomchukua kesho. Klabu ndiyo chuo chake. Mfumo huu umetoa wachezaji wazuri, ila hauna muda. Hakuna miaka minne ya kukosea ukiwa mahali pamoja, chini ya kocha mmoja, na wenzako wale wale.

Basi Major, aliyepewa timu muda mfupi kabla ya mashindano, alifanya ambacho kocha yeyote angefanya: aliunganisha vipande. Kulikuwa na Aristide Mugabe, nahodha wa timu ya taifa kwa miaka mingi, mtu mfupi kwa vipimo vya mchezo huu na mwenye moyo usiopimika. Kulikuwa na Dieudonné Ndizeye, Steven Hagumintwari, na Kenny Gasana, aliyekulia Marekani na kuichezea Rwanda. Wakaongezwa Prince Ibeh, mzaliwa wa London aliyesoma na kucheza Chuo Kikuu cha Texas, Brandon Costner aliyepitia chuo cha North Carolina State, na Tom Wamukota wa Kenya. Tazama orodha hiyo tena. Kocha ni wa chuo cha Marekani, na wachezaji kadhaa ni wa vyuo vya Marekani. Patriots ilikuwa ikiazima ngazi ya watu, kipande hapa, kipande pale, na kuifunga kwa kamba.

Na kipande kimoja kilikuwa Jermaine Cole, yaani J. Cole.

Sitaki kumdhihaki. Albamu yake, The Off-Season, ilitoka tarehe 14 Mei, na siku mbili baadaye alikuwa Remera amevaa jezi ya Patriots, ana miaka 36. Watu wengi hawajui kwamba kijana huyu alipokuwa mwanafunzi wa St. John's, New York, alijaribu kuingia timu ya chuo, akaitwa arudi kwa mchujo wa pili, na hakurudi. Kigali ndiko alikokuja kukamilisha jambo aliloliacha nusu. Katika mechi ya kwanza, Patriots walipoifunga Rivers Hoopers ya Nigeria 83 kwa 60, alipata pointi 3, rebaundi 3 na asisti 2. Kwa mechi tatu alicheza dakika 45, akamaliza na pointi 5, kisha akarudi kwao kwa sababu za kifamilia.

Terrell Stoglin, Mmarekani aliyekuwa akiichezea AS Salé ya Morocco na aliyefunga zaidi ya pointi 30 kwa wastani katika kila mechi, alisema waziwazi kwamba kumpa mwanamuziki nafasi ile ni kuukosea heshima mchezo na watu walioutolea maisha yao. Stoglin mwenyewe alipitia chuo cha Maryland na kuzunguka dunia akitafuta mkataba. Anajua kazi ni nini. Nami kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, kwa hoja ambayo haikuzungumzwa sana. Kanuni za BAL mwaka ule ziliruhusu kila timu wachezaji wanne tu wa kigeni, na kati yao wasiozidi wawili wa nje ya Afrika. Viti viwili. Timu iliyokuwa ikiishi kwa kuazima ilikuwa na viti viwili tu vya kuazimia kutoka nje ya bara, na kimoja ilimpa msanii. Zamalek, waliokuja kuwa mabingwa, walikuwa na Walter Hodge, mkongwe wa Puerto Rico aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Hapo ndipo uzito wa kiti unapoonekana.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba ningependa asije. Kwa siku zile chache magazeti ya Marekani, ambayo habari zao za Rwanda huwa ni za aina mbili au tatu tu, yaliandika "Kigali" katika kurasa za michezo. Mtoto wa Kimironko, mtaa jirani na Remera, aliona jina la mji wake likitajwa kwa furaha. Hilo lina thamani yake, na thamani hiyo haimo kwenye ubao wa matokeo.

Hatua ya makundi ilikwenda vizuri. Rivers Hoopers walifungwa, GNBC ya Madagascar ikafungwa 78 kwa 72, na kwa US Monastir ya Tunisia Patriots wakapoteza 91 kwa 75. Pointi 16. Ilikuwa onyo, na ninaamini Major alilisoma. Lakini onyo linahitaji wiki ya kulifanyia kazi, ile wiki ya Jumapili mpaka Ijumaa ya futiboli ya vyuoni, na Kigali haikuwa nayo. Mechi sita katika siku kumi na nne: miguu haijapoa, mkanda hujamaliza kuutazama, mpinzani mwingine yuko mlangoni.

Robo fainali ilikuwa dhidi ya Ferroviário de Maputo. 73 kwa 71. Mechi hii ndiyo ninayompa msomaji yeyote anayeniuliza kama Patriots walikuwa timu kweli au mkusanyiko. Katika mchezo ambao kikapu kimoja kinahesabiwa mbili, na kutoka mbali tatu, kubaki mbele kwa pointi mbili hadi kengele ina maana kwamba kila mmoja, katika dakika za mwisho, alifanya jambo dogo alilotakiwa kufanya: alimfuata mtu wake, hakujaribu ushujaa, aliinua mikono bila kugusa. Vipande vilishika. Kamba ilivumilia. Rwanda ikawa na timu katika nne bora za Afrika.

Halafu Watunisia tena.

Nimeutazama mkanda wa nusu fainali mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya moyo. Macho yangu huwa yanamfuata Makrem Ben Romdhane. Ni mtu wa zaidi ya mita mbili, naye hana haraka. Huja kusimama kando ya mlinzi anayemfuata mwenzake mwenye mpira, anatuliza miguu, kifua wazi, kama mtu anayesubiri basi. Mwenye mpira anapita karibu naye, bega likigusa bega. Mlinzi anagonga ukuta. Kwa nusu sekunde walinzi wawili wanatazamana kuulizana nani amfuate nani, na katika nusu sekunde hiyo Ben Romdhane ameshageuka, mkono umeinuliwa, na mpira uko hewani kumfuata. Hakuna siri hapo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anafundishwa jambo hilo. Tofauti ni kwamba yeye na Radhouane Slimane wamelifanya pamoja, klabuni na timu ya taifa, kwa miaka kumi hivi, tangu Tunisia ilipokuwa bingwa wa Afrika 2011. Hawaambizani. Na walinzi wa Patriots, baadhi yao wakiwa wamejuana kwa wiki chache tu, walilazimika kuulizana.

Kuulizana nusu sekunde, mara arobaini au hamsini kwa usiku mmoja. Hesabu inakuja yenyewe.

Kilichoniuma zaidi si zile 87. Ni zile 46. Ulinzi unaweza kuvunjwa na mtu bora kuliko wewe, lakini timu iliyofunga 73 katika robo fainali inapofunga 46 katika nusu fainali, maana yake imeacha kuamini njia zake. Mpira unafika pembeni, mtu anautazama, anaurudisha. Mwingine anaupokea, anaurudisha. Kila mmoja anasubiri mwenzake awe shujaa. Nimeona jambo hili kwenye timu za mtaani na nimeliona kwenye ofisi, watu wema wenye uwezo, waliokutanishwa jana, wakipishana mlangoni hadi mlango ukafungwa.

Tarehe 29 Mei walicheza na Petro de Luanda kugombea nafasi ya tatu, wakafungwa 97 kwa 68. Siku iliyofuata Zamalek waliishinda Monastir 76 kwa 63. Msimu wa Patriots ulikuwa umekwisha: ushindi mara tatu, vipigo vitatu, nafasi ya nne.

Miezi mitatu baadaye ukumbi ule ule ulipokea AfroBasket. Prince Ibeh, wa London na Texas, safari hii alivaa jezi ya Rwanda yenyewe. Na bingwa? Tunisia, waliowashinda Côte d'Ivoire 78 kwa 75 katika fainali, na mchezaji bora akachaguliwa Ben Romdhane. Alikuja Kigali mara mbili mwaka ule, akasimama kama anayesubiri basi, na mara ya pili akaondoka na kombe.

Tangu hapo ngazi imekuwa ikijengwa, kidogo kidogo. Mwaka 2022 REG ilitolewa robo fainali na FAP ya Cameroon kwa pointi tatu tu, 66 kwa 63, hapo hapo Remera. Mwaka 2025 APR ilifika Pretoria na kushika nafasi ya tatu, hatua moja juu ya Patriots. Fainali ilikuwa bado.

Siku moja mchana nilikuwa Nyamirambo, mtaa ambamo Kiswahili hakikuingoja sheria ya 2017 ili kiwe lugha rasmi. Kwenye uwanja wa kikapu wa Club Rafiki watoto kama ishirini walikuwa mazoezini, nusu yao na viatu, nusu na ndala. Kocha wao, kijana mwenye filimbi shingoni, hakuwapa mpira. Aliwapanga wawili wawili. Mmoja asimame, atulize miguu, mikono kifuani. Mwingine apite, bega liguse bega. Wakapita. Mtoto mmoja wa kike alipitia mbali kidogo, kama hatua nzima, kwa sababu aliogopa kumgonga mwenzake.

"Rudi," kocha akamwambia. "Mpite karibu. Mpaka usikie shati lake."

Akarudi. Akapita tena, na tena akapitia mbali. Wenzake wakacheka, kocha hakucheka. Alimwendea, akasimama yeye mwenyewe mahali pa ukuta, akatuliza miguu, akamwonyesha kwa kidole pale bega linapotakiwa kupita.

"Rudi mwanzo," akasema. "Tuna jioni nzima."